Jani Halikusema Uongo



Mwezi huu tunaanza na barua. Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, ametuandikia hivi: "Nimesikia redioni kwamba wataalamu wamepima majani ya mwarobaini na mengine ya kienyeji, wakaona yanaua vijidudu. Mimi mwarobaini ninao hapo mlangoni. Je, mtoto akitoka majipu, au sikio likitoa usaha, kuna haja gani tena ya kupanga foleni zahanati na kununua dawa?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Wengi wetu tunaliuliza kimoyomoyo kila tunapohesabu senti za mwisho wa mwezi. Kabla ya kulijibu, hatuna budi kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe.

Mmoja wetu tunaoandaa ukurasa huu alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha. Mama huyu alilelewa na bibi aliyeyajua majani. Akachuma kivumbasi nyuma ya nyumba, akakipasha moto, akakamua maji yake na kumdondoshea mtoto sikioni asubuhi na jioni. Siku ya tatu usaha ukapungua. Sote tukamsifu. Wiki iliyofuata ukarudi, naye akaongeza matone. Ukakauka tena, ukarudi tena. Ikawa hivyo kwa wiki sita. Asubuhi moja mtoto akaamka na homa kali, nyuma ya sikio pamevimba mpaka sikio limesukumwa mbele. Hospitali walimpasua siku ile ile.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sikio lile halisikii vizuri hadi leo. Sasa yuko sekondari, na kila Januari mama yake huenda kumwomba mwalimu wa darasa amkalishe benchi la mbele, upande wa kushoto, ili sikio lake la kulia lielekee kwa mwalimu.

Miaka kadhaa baadaye tulikuja kujua jambo lililotushangaza. Mafuta ya mimea ya jamii ya kivumbasi yamepimwa katika maabara nyingi, na ni kweli yanazuia bakteria, hata yule aitwaye Staphylococcus aureus anayeleta majipu. Basi tukajiuliza: kama jani linaua vijidudu, mbona sikio la mtoto wetu liliharibika? Je, jani lilitudanganya? Tukaamua kwenda kuona wenyewe jinsi majani yanavyopimwa.

JIKONI MWA MAABARA

Katika maabara ya chuo kimoja tulipokewa na binti anayefanya kazi hiyo kila siku. "Shikamooni mama zangu," akatuamkia, akatugawia makoti meupe. "Msiogope. Hapa ni jikoni kama jikoni kwenu. Tofauti ni kwamba chakula tunawapikia bakteria."

Kazi ya kwanza, alisema, ni kuujua mti. Jina la kienyeji halitoshi, kwa sababu mti mmoja huwa na majina kumi, na jina moja huitwa miti mitatu. Kwa hiyo tawi lenye majani na maua hukaushwa katikati ya magazeti, likapelekwa kwa mtaalamu wa mimea alipe jina lake la kisayansi na kulihifadhi. Mtu akiuliza baada ya miaka ishirini ni mti gani uliopimwa, ataonyeshwa tawi lenyewe.

Kazi ya pili ni kutoa kiini cha dawa. Majani hukaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa katika spiriti kwa siku kadhaa. Kwa nini spiriti na si maji? Kwa sababu vitu vingine vilivyomo ndani ya jani haviyeyuki katika maji, kama vile doa la mafuta lisivyotoka nguoni kwa maji matupu. Baada ya kuchujwa, spiriti huondolewa kwa joto dogo. Kinachobaki chini ni rojo nzito ya kijani kibichi. Hiki ndicho kiini kinachopimwa. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, tutalirudia: kinachopimwa si chai ya majani tunayoichemsha nyumbani.

Kazi ya tatu ni kupika chakula cha bakteria. Hupikwa kwa supu yenye virutubisho iliyotiwa agari, unga utokanao na aina fulani za mwani wa baharini, kisha humiminwa katika kisahani cha duara ili kigande kama jeli.

Hapo binti akatabasamu. "Mama zangu, mnajua nani alileta agari maabara? Mama wa nyumbani." Akatusimulia habari za Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse wa Ujerumani. Mwaka 1881 mumewe alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Walikuwa wakiwaotesha bakteria juu ya jeli ya mifupa, lakini kila palipokuwa na joto jeli iliyeyuka, na bakteria wengine waliila ikawa maji. Mama Hesse alikuwa akigandisha jeli zake za jikoni kwa agari, jambo alilojifunza kwa majirani Waholanzi waliowahi kuishi Java. Akamshauri mumewe ajaribu. Jaribio likafaulu, na mwaka 1882 Koch alipotangaza kwamba amemgundua kijidudu wa kifua kikuu, agari ilikuwa imekwisha kuingia katika kazi yake, ingawa jina la mama huyu halikutajwa. Hadi leo maabara za dunia nzima zinatumia agari. Tulifurahi kusikia kwamba elimu hii kubwa ilipita jikoni.

Kazi ya nne ndiyo yenyewe. Bakteria wa aina moja huchanganywa na maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu wa kiasi maalumu, takriban bakteria milioni 150 katika mililita moja. Mchanganyiko huo hupakwa juu ya kisahani chote kwa pamba. Kisha huwekwa vikaratasi vidogo vya duara vyenye upana wa milimita 6. Kisahani hufunikwa, kikalazwa katika kabati lenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37 hivi, mpaka kesho yake.

Asubuhi kisahani chote huwa kimefunikwa na utando wa bakteria, kama ukungu juu ya uji uliolala. Lakini pale penye dawa iliyofanya kazi huonekana duara safi kuzunguka kikaratasi, mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota. Binti huchukua rula na kupima upana wa duara hilo kwa milimita. Utaratibu wa namna hii wa kupima dawa za hospitali uliwekwa sawa huko Marekani mwaka 1966, na wapimaji wa miti wameuazima.

KIKARATASI CHA TATU

Tulipotazama vizuri tukaona kwamba katika kila kisahani vikaratasi si vya aina moja. Kimoja kina kiini cha mti. Cha pili kina dawa ya hospitali ambayo nguvu yake inajulikana. Cha tatu kimelowekwa katika kile kimiminika tu kilichotumika kuyeyushia kiini, bila dawa yoyote.

"Hicho cha tatu cha nini?" tukauliza.

"Hicho ndicho kinachotuzuia kujidanganya, mama," akajibu. "Spiriti peke yake inaua bakteria. Nisipoweka kikaratasi kitupu, nitausifu mti kwa kazi iliyofanywa na spiriti."

Akina mama, maneno hayo yalituchoma. Nyumbani kwetu hakukuwa na kikaratasi cha tatu. Usaha wa sikio una tabia ya kupungua wenyewe kwa siku chache na kurudi, hata mtoto asipopewa kitu. Sisi tulidondosha kivumbasi, usaha ukapungua, tukasema ni kivumbasi. Kila ulipokauka tulilisifu jani, na kila uliporudi tulisema matone yalikuwa machache. Hatukujipa nafasi ya kuona kwamba huenda jani halikuwa likifanya lolote.

MAMBO MANNE AMBAYO KISAHANI HAKISEMI

Basi kisahani kinasema nini? Kinasema jambo moja tu: kiini hiki, kwa kiasi hiki, kimemzuia bakteria huyu asiote juu ya jeli hii. Hiyo ni habari njema na ya kweli. Lakini kuna mambo manne ambayo hakikuyasema, nasi mara nyingi tunajiongezea wenyewe.

La kwanza ni kiasi. Kikaratasi cha dawa ya gentamicin kina mikrogramu 10 tu za dawa. Chembe moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hapo. Kikaratasi cha kiini cha mti huweza kutiwa mikrogramu 1,000 au zaidi, yaani mara mia. Maduara mawili yanaweza kulingana kwa upana, lakini nguvu zikawa mbali kama mbingu na nchi.

Ndiyo maana mtafiti makini haishii kwenye kisahani. Huchukua kibao cha plastiki chenye vishimo 96, ukikiona utadhani ni bao la kuchezea. Katika kishimo cha kwanza hutia dawa kali, cha pili nusu yake, cha tatu robo, na kuendelea. Kila kishimo hutiwa bakteria, na mwishoni huongezwa dawa ya rangi inayogeuka nyekundu palipo na bakteria walio hai. Kishimo cha mwisho ambacho hakijageuka rangi ndicho kinachoonyesha kiasi kidogo kabisa kinachotosha. Watafiti wengi hukubaliana kwamba kiini kinachozuia bakteria kwa mikrogramu 100 katika mililita, au pungufu, kinastahili kufuatiliwa. Kinachohitaji zaidi ya 1,000 ni dhaifu mno.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tuseme kiini kinahitaji miligramu 1 katika kila mililita, yaani mikrogramu 1,000. Mtoto wa kilo 10 ana lita 6 hivi za maji mwilini. Ili dawa ifikie kiasi hicho mwili mzima, atahitaji gramu 6 za kiini. Tuseme kiini ni sehemu moja ya kumi ya majani makavu: hizo ni gramu 60 za majani makavu, yaani karibu robo kilo ya majani mabichi, kwa dozi moja tu. Na hiyo ni endapo yote yataingia kwenye damu na ini lisiharibu hata kidogo, jambo ambalo halitokei. Ni mama gani atamnywesha mtoto wa kilo 10 robo kilo ya mwarobaini? Akimnywesha kikombe, kiasi kinachofika kwenye kijidudu ni kidogo mno.

Kwa ngozi hesabu ni nyingine kidogo, kwa kuwa dawa hubaki pale ilipopakwa na haichanganyiki na maji ya mwili mzima. Kwa sababu hiyo wataalamu huona tumaini zaidi katika dawa za miti za kupaka kuliko za kunywa kwa ajili ya bakteria.

La pili ni aina ya kijidudu. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aligundua rangi inayowagawa bakteria katika makundi mawili makubwa. Kundi moja hushika rangi ya zambarau, na yule wa majipu yumo humo. Kundi la pili halishiki rangi hiyo, nalo limejifunika ngozi ya ziada kwa nje. Ngozi hiyo huzuia dawa nyingi za miti zisipenye. Humo wamo wale wa homa ya matumbo, wale wengi wa kuhara, na mmoja aitwaye Pseudomonas, ambaye hupenda sana masikio yaliyotoa usaha kwa muda mrefu. Sasa mnaona. Inawezekana kabisa kwamba jani letu lilikuwa na uwezo juu ya bakteria mwingine, lakini si yule aliyekuwa sikioni.

La tatu ni usalama. Kinachoua kijidudu kinaweza pia kudhuru chembe hai za mtoto. Kisahani hakina ini, hakina figo wala ubongo, hakiwezi kutuonya. Kwa hiyo kiini chenye nguvu hupimwa pia juu ya vijikamba vidogo mno vya maji chumvi, juu ya chembe hai zilizooteshwa, na juu ya panya, kabla binadamu hajaonja. Mwarobaini wenyewe tunaouamini una somo lake. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa maradhi madogo madogo. Walianza kutapika, wakalegea, wakapata degedege, na maini yao yakadhurika. Ni mti ule ule tunaouita mwarobaini kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini.

La nne, jani lako si jani lao. Mmea wa jamii ya kivumbasi uitwao Ocimum gratissimum una tabia ya ajabu: ukiota mahali pamoja mafuta yake hujaa eugenol, kitu kile kile kilichomo ndani ya karafuu, ukiota kwingine hujaa thymol. Kwa macho ni mmea mmoja, lakini dawa ni mbili. Tena maabara hukusanya mafuta hayo kwa mvuke, yasipotee. Sisi tulilipasha jani moto mpaka jikoni kote kukanukia. Ile harufu nzuri tuliyoifurahia ilikuwa ndiyo dawa yenyewe inapaa.

JE, TUIDHARAU MITI?

La hasha. Hatuandiki haya ili tuwacheke bibi zetu. Kwinini iliyotibu malaria kwa vizazi vingi ilitoka katika magome ya mti wa milima ya Andes, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga peke yake ikaweza kupimwa kwa dozi.

Na yuko Tu Youyou, mama wa Kichina. Kikundi chake kilikuwa kikitafuta dawa ya malaria katika mitishamba ya kale, na mmea wa Artemisia annua leo ulifanya kazi, kesho ukashindwa. Akarudi kusoma kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, akaona kwamba mzee yule aliloweka mmea katika maji na kuukamua, hakutaja kuuchemsha. Akahisi kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Mwaka 1971 akatoa kiini kwa etha, kwa joto dogo, na kiini kile kikaponya panya wenye malaria. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walikinywa wenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa, waone kama kina madhara. Leo dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina asili hiyo, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tazameni ujuzi wa zamani ulivyofungua njia, na vipimo vikaikamilisha. Na hata hivyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi mtu atibu malaria kwa chai ya mmea huo huo, kwa kuwa dawa iliyomo ndani ya chai ni kidogo na haina kipimo. Dozi isiyotosha haimalizi vijidudu. Inawafundisha waliobaki kuizoea.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii inaendelea. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikapandishwa kuwa taasisi. Ndani ya mti wa msokonoi, ambao magome yake huwasha mdomo kama pilipili, vimepatikana viambata vikali vinavyozuia fangasi. Na uhitaji ni mkubwa, maana vijidudu vinazidi kuwa sugu kwa dawa za hospitali. Kwa mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria walikuwa wamekwisha kuizoea dawa. Kwa hiyo tunawaombea heri mabinti na vijana wanaokesha na visahani vyao. Tunachosema ni kwamba kisahani ni mlango wa kwanza, na kati yake na kijiko cha mtoto kuna milango mingi. Viini vingi huishia njiani.

BASI TUFANYE NINI?

Mama mpendwa uliyetuandikia, jibu letu ni hili. Mwarobaini wako usiukate. Kivuli chake ni kizuri na huenda siku moja ukatupa dawa. Lakini foleni ya zahanati usiiache. Na ninyi nyote tunawaomba mzingatie haya:

1. Sikio likitoa usaha, usitie kitu chochote ndani: si maji ya majani, si mafuta, si maziwa. Likaushe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kama utambi. Kiingize taratibu, kikilowa toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku, na umpeleke mtoto zahanati bila kungoja usaha ukauke. Akiwa na uvimbe nyuma ya sikio, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

2. Mtoto mchanga asinyweshwe dawa ya majani kabisa, wala mafuta ya mbegu za miti. Ini lake bado ni changa.

3. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, si mgonjwa wa kujaribiwa dawa nyumbani. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

4. Ukiwa umekwisha kumpa majani, mwambie daktari bila aibu, na ikiwezekana chukua tawi uende nalo. Daktari anayejua atatibu vizuri kuliko daktari aliyefichwa.

5. Ukipewa antibiotiki, maliza dozi kama ulivyoelekezwa. Usimgawie jirani nusu, wala usiweke akiba.

6. Mtu akikuuzia chupa na kusema "imethibitishwa maabara", muulize kwa upole: Ilipimwa juu ya kisahani au juu ya watu? Juu ya kijidudu gani? Dozi ya mtoto ni kiasi gani, na nani aliipima? Imesajiliwa wapi? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na Baraza linalosajili watoa huduma hiyo. Mwenye dawa ya kweli hatakasirika kuulizwa.

Tulipokuwa tukiagana na yule binti wa maabara, mwenzetu alimwuliza swali lililokuwa likimsumbua kwa miaka mingi: "Kwa hiyo, mwanangu, lile jani lilinidanganya?"

Binti akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, mama. Jani halikusema uongo. Lilisema neno dogo, ninyi mkasikia neno kubwa."

Mwenzetu hakusema kitu njia nzima. Jioni ile, alipofika nyumbani, alimwita kijana wake aje ale. Akamwita kwa upande wa kulia, kama alivyozoea.

Akina mama, tusiyakatae majani, bali tusiyasingizie maneno ambayo hayakusema. Tuandikieni na ninyi yale mliyoyaona katika nyumba zenu, mema na machungu, ili tufundishane. Hadi mwezi ujao, kaeni salama na familia zenu.